Nusu Saa kwa Boti ya Kasi Kisumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimepeleka wageni Ziwa Victoria kutoka Dunga kwa muda wa kutosha kujua kwamba maswali ya ufuoni ni yale yale. Nimeyaweka hapa ili ukifika tusianze kuyajibu huku jua linapanda na upepo unaamka. Utaona upepo unatajwa kila mahali, hata pale ulipouliza habari za bei au za viatu. Vumilia. Ziwani karibu kila jambo linaanzia hapo.

Safari yenyewe inatoka wapi hadi wapi?

Inaanzia Dunga, mwalo wa wavuvi ulio kusini mwa mji wa Kisumu. Kutoka katikati ya mji ni mwendo mfupi wa tuktuk au bodaboda. Boti inatoka polepole kando ya mafunjo, na ikifika maji ya wazi injini inafunguliwa. Tunaelekea kaskazini ufuo ukiwa mkono wa kulia: ncha ya Hippo Point, kisha miti ya hifadhi ndogo ya Impala iliyoanzishwa mwaka 1992, kisha mji wenyewe unaanza kujionyesha kwa mgongo.

Nasema kwa mgongo kwa sababu Kisumu tuliyoizoea barabarani hailitazami ziwa. Ukiwa majini ndipo unaona mji ulivyozaliwa. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence, na kilichoifuata reli ni meli za kuvusha mizigo kwenda Uganda. Boti ikipunguza mwendo mbele ya bandari, ukibahatika utaikuta MV Uhuru imefunga, ile meli inayobeba mabehewa ya treni yakiwa mazima, yamepangwa juu ya reli ndani ya tumbo lake. Ilianza kazi miaka ya 1960, ikalala miaka mingi, ikafufuliwa mwaka 2019. Mdogo wake, MV Uhuru II, alijengwa papa hapa Kisumu. Ukiwa umekaa chini kwenye kiboti cha watu kumi, chuma kile kinakutazama kama ukuta wa jela.

Tukipita gati tunasogea upande wa Usoma, ulipo uwanja wa ndege. Hapo tunageuka. Ndege ikitua wakati huo, inapita chini kiasi kwamba watoto huinama. Yote ni nusu saa, au dakika arobaini kama wewe ni mtu wa picha.

Boti inakwenda kasi gani?

Kwa boti nyepesi ya fibaglasi yenye watu wachache na injini nzuri, noti 25 si ajabu. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo hapo unakwenda kama kilomita 46 kwa saa. Najua unachofikiria. Mwendo huo kwenye barabara ya Kakamega ungefanya matatu zikupigie honi mpaka uaibike. Lakini barabarani kuna kioo, kuna mlango, na lami haikurukii usoni. Ukikaa hivi karibu na maji bila chochote mbele yako, 46 inatosha kabisa.

Kuna jambo moja la kusubiri. Boti ikiondoka, pua yake inainuka na mkia unazama, kwa sababu inasukuma maji yaliyo mbele yake. Nahodha akiongeza moto, boti inapanda juu ya wimbi ililolitengeneza yenyewe, pua inashuka, na tumbo linakaa juu ya maji badala ya kuyalima. Msuguano unapungua ghafla. Utasikia sauti ya injini ikibadilika, kama mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo watu hupiga kelele, hata wazee waliokuja wakisema wamewasindikiza wajukuu tu.

Boti ndefu za mbao unazoziona zimepangwa Dunga hazifanyi hivyo. Zimejengwa nyembamba ili kukata maji na kubeba nyavu, na zinafanya kazi hiyo vizuri sana. Ukizifunga injini kubwa hazigeuki kuwa boti za kasi. Zinageuka kuwa boti za mbao zenye kelele. Kama unataka mwendo, uliza boti yenye tumbo pana lililochongoka kidogo kati, na uione kwanza kabla ya kutoa pesa.

Niende saa ngapi?

Asubuhi. Kati ya saa moja na saa nne. Ningeweza kuishia hapo, lakini wengi hawaniamini mpaka nieleze, basi nieleze.

Nchi kavu inapata joto haraka na kupoa haraka. Maji yanachelewa kwa yote mawili. Usiku nchi inapoa kuliko ziwa, na upepo mwepesi unatoka nchi kavu kwenda majini. Huo ndio uliokuwa ukiwatoa wavuvi wa matanga gizani. Kukicha unaisha, na kwa saa chache hakuna upepo unaovuma. Ghuba inalala kama mafuta kwenye sahani. Ukipita kwa kasi wakati huo boti haigongi popote, na mistari ya maji tuliyoiacha nyuma inaonekana hadi mbali.

Jua likishapasha nchi, mambo yanageuka. Hewa juu ya ardhi inapanda, na ile ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Mchana upepo wa magharibi unaingia kutoka ziwa kubwa, unapita mlango mwembamba wa Mbita na Rusinga na juu ya vilima vyake, na kusafiri urefu wote wa Ghuba ya Winam mpaka huku kwetu mwisho kabisa. Sisi Kisumu tuko kwenye kitako cha chupa. Kila wimbi lililoanzia mbali linamalizikia kwetu.

Tena ghuba hii haina kina. Ziwa kwa jumla lina sehemu zinazofika kama mita 80, lakini huku karibu na Kisumu ni mita chache tu. Kwenye maji ya kina kifupi mawimbi huwa mafupi na yamesimama wima, yanafuatana bila kupumua. Mtu wa Mombasa aliyezoea wimbi refu la bahari hucheka akiyaona kwa macho, kisha anakaa ndani ya boti na kunyamaza. Lile la bahari linakuinua na kukushusha. La kwetu linakupiga makofi.

Kwa hiyo ukinipigia simu saa tisa alasiri kuniambia uko njiani kutoka Nakuru na utafika saa kumi, nitakuambia ulale Kisumu. Si kwamba sitaki pesa yako.

Lakini mimi nilitaka jua likizama.

Kila mtu anataka jua likizama. Hapa linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na karibu saa moja mwaka mzima, kwa kuwa ikweta iko karibu, inapita kule Maseno. Linazama juu ya maji, upande wa magharibi, na ni kweli linapendeza kupita maelezo.

Siku nyingine upepo unatulia kuanzia saa kumi na moja, na hapo tunakwenda. Siku nyingine hautulii. Jibu tunalipata ufuoni siku hiyo hiyo, kwa kutazama maji: kama vilele vya mawimbi vinavunjika na kutoa povu jeupe, hakuna safari ya kasi. Tunaweza kukupeleka polepole karibu na mafunjo, au ukae kwenye daraja la mbao la Dunga ulitazame jua hapo na miguu yako ikiwa mikavu. Halafu kumbuka giza la ikweta halina subira. Jua likishaingia, una dakika ishirini hivi za kuona nyavu na maboya, basi. Boti ya kasi inatakiwa kuwa imefunga wakati huo.

Laifujaketi ni lazima?

Ndiyo. Kwa kila mtu, kabla ya boti kuondoka, na imefungwa. Ile iliyolazwa chini ya kiti ni mto wa kukalia. Ikija dharura hakuna anayeweza kuitafuta, kuifungua na kuivaa akiwa tayari majini.

Ijaribu hivi: ivae, funga kamba zote, kisha mwambie mwenzako akushike mabegani kwenye jaketi na aivute juu. Ikipanda mpaka kidevuni au masikioni, ni kubwa, omba nyingine. Kwa mtoto, tafuta yenye kamba inayopita katikati ya miguu. Bila hiyo maji yanaisukuma juu na mtoto anachomoka chini. Angalia pia kama sponji ya ndani imepasuka au imelowa. Jaketi iliyopauka kwa jua mpaka rangi ya chungwa ikawa ya maziwa imezeeka, usione aibu kuikataa.

Mamlaka ya usafiri wa majini nchini ina ofisi hapa Kisumu na hukagua vyombo, na walinzi wa pwani, kikosi kilichoundwa mwaka 2018, wanapiga doria ziwani. Lakini siku ya safari yako mkaguzi ni wewe.

Sijui kuogelea. Nije?

Njoo. Zaidi ya nusu ya ninaowapeleka hawajui, na wengi wao wamezaliwa kwenye vilima vinavyolitazama ziwa hili. Mwambie nahodha kabla, si baada. Atakukalisha panapofaa na hatakata kona kali. Nahodha anayekucheka kwa swali hilo, tafuta mwingine.

Nani asipande?

Mama mjamzito, katika mwezi wowote. Mwenye maumivu ya mgongo au shingo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari wake kwanza. Mlevi hapandi, na hilo halina mjadala hata kama ndiye aliyelipia kundi zima. Kwa watoto wadogo tunapunguza mwendo. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe na kujishikilia bado hajafikia boti ya kasi, ampakate mama yake kwenye safari ya polepole.

Sababu ya kusisitiza mgongo ni hii: boti ikiruka wimbi na kutua, kiti kinakupiga kutoka chini. Kijana wa miaka ishirini anacheka. Mtu wa miaka hamsini na tano aliyebeba magunia maisha yake yote anaweza kuumia kweli.

Nikae mbele au nyuma?

Mbele ndiko wanakogombania, na mbele ndiko kunakogonga zaidi. Pua inapanda na kushuka, mkia unatulia. Ukitaka kufurahia, kaa kati kuelekea nyuma, shika chuma kwa mikono miwili, na usikaze magoti. Ukiona wimbi linakuja, inua uzito kidogo kwa miguu, kama unavyofanya bodaboda ikikaribia tuta. Ukitaka kulowa, kaa upande unaotoka upepo.

Aliye na kichefuchefu akodolee macho milima ya upande wa pili, si simu. Ajabu ni kwamba watu hawaumwi sana boti ikiwa mbio. Wanaumwa ikisimama na kuanza kuyumba, hasa moshi wa injini ukiwafuata. Kipande cha tangawizi mdomoni kinasaidia wengine.

Tutaona viboko?

Labda. Wapo, na Hippo Point haikupewa jina hilo kwa utani, lakini kiboko hana mkataba na sisi. Mchana anakaa majini, usiku anatoka kula majani. Mara nyingi utaona masikio na pua tu, na mara anazama, anakaa chini dakika kadhaa, anaibuka pengine.

Hapo penye neno "pengine" ndipo pana hatari. Kiboko aliyezama chini ya boti yako hujui ataibuka wapi, na akihisi amefungiwa njia ya kwenda kwenye kina anapita katikati yako. Kwa hiyo hatumfuati, hatuingii kati yake na maji marefu, na hatumzunguki kwa kasi ili mgeni apige picha nzuri. Tunasimama mbali, injini inanguruma taratibu lakini haizimwi kabisa. Kuna wageni waliotoa pesa zaidi ili tusogee. Pesa zao walirudi nazo.

Magugumaji yakiwa yamejaa?

Basi huenda hakuna safari, na hakuna wa kulaumiwa siku hiyo.

Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini na likaonekana upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam, boti zikakwama bandarini kama zimepandwa. Wadudu wadogo wa jamii ya fukusi waliletwa kulila, likapungua sana, kisha likarudi, na hivyo ndivyo tunavyoishi nalo: linakuja na kuondoka. Mbolea inayoshuka na mito na uchafu wa mji vinalinenepesha.

Kwa msafiri, jambo la kujua ni kwamba gugumaji halina mizizi ardhini. Linaelea, na linakwenda upepo unakolipeleka. Upepo wa mchana unalileta Kisumu, ule wa usiku unalirudisha kidogo. Asubuhi Dunga panaweza kuwa wazi, na saa nane ukakuta zulia la kijani ambalo ndege wanatembea juu yake.

Nimelipia somo hili. Mwaka mmoja nilikubali kutoka saa tisa kwa sababu kundi lilikuwa limesafiri mbali na mimi nilikuwa na karo ya shule ya kulipa. Kwenda tulikwenda. Kurudi tukakuta mwalo umefungwa, na kila tulipojaribu kupenya injini ilianza kupata joto kwa sababu majani yaliziba mdomo wa kunywea maji. Tukaizima. Tukasukuma kwa makasia na miti kwa karibu saa mbili, bwana mmoja aliyevaa suti akiwa mbele anang'oa magugu kwa mikono. Hakunidai pesa zake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Siku hizi karo inasubiri.

Nitajuaje kama injini iko sawa?

Si lazima uwe fundi. Injini ikiwaka, tazama nyuma yake: kuna kijito chembamba cha maji kinachoruka pembeni, kama mtoto anayekojoa. Hayo ni maji ya kupoza injini. Yakiruka kwa nguvu, injini inakunywa vizuri. Yasipotoka, safari isianze.

Kisha tazama mkono au mguu wa nahodha. Kuna kamba iliyojipinda, kwa kawaida nyekundu, ncha moja kwenye swichi ya injini na nyingine kwake yeye. Akirushwa nje, kamba inachomoka na injini inazima hapo hapo. Bila kamba hiyo, boti iliyopoteza nahodha inazunguka duara kwa kasi, propela ikiwa wazi, na watu wakiwa majini. Wengi wanaiacha ikining'inia kwa sababu inawasumbua. Muombe aivae. Sema kwa heshima, "Kapteni, naomba ufunge kamba yako." Atafunga.

Uliza pia kama kuna makasia, dumu la petroli ya akiba na simu yenye chaji. Injini ikizima katikati ya ghuba, tunatupa nanga ili upepo usitupeleke, tunapiga simu Dunga, na boti nyingine inakuja. Namba za dharura ni 999 au 112, lakini kusema kweli mvuvi aliye karibu hufika kabla ya wote.

Kwa nini mnatambaa hivyo karibu na mafunjo?

Kwa sababu kuna watu kazini. Nyavu zimetegwa, zimefungwa kwenye madumu ya plastiki yanayoelea, na ukizipitia kwa kasi unamkatia mtu chakula cha wiki na unajifunga propela mwenyewe. Kuna vizimba vya samaki pia. Kuna kina mama na wazee wanaokata mafunjo ya kusuka mikeka na vikapu, wakiwa kwenye vidau vya kina cha kiganja. Wimbi la boti yetu linatosha kuvizamisha.

Na kuna ndege. Kinamasi cha Dunga kinajulikana duniani kwa ndege wasiopatikana ila kwenye mafunjo. Mmoja ana kifua chekundu kama damu, mgongo mweusi na utosi wa manjano, na watu hupanda ndege ya chuma kutoka Ulaya kuja kumtafuta yule wa manyoya. Utamsikia kabla ya kumwona. Kama una muda, baada ya safari ya kasi omba dakika ishirini za kasia ndani ya mafunjo, injini imezimwa. Wengine wananiambia hizo ndizo walizozikumbuka.

Bei ni ngapi?

Inabadilika na petroli, kwa hiyo sitaandika namba itakayokuwa uongo mwezi ujao. Bei huwekwa kwa kichwa au kwa boti nzima. Ukiwa peke yako au wawili, jiungeni na wengine. Mkiwa watano au zaidi, boti nzima ni nafuu na mnaamua saa yenu. Mbio zinakunywa mafuta mara nyingi kuliko mwendo wa taratibu, ndiyo maana nusu saa ya kasi inaweza kugharimu kuliko saa nzima ya kutazama ndege.

Kubalianeni kabla ya kupanda: dakika ngapi, hadi wapi, watu wangapi. Lipa kwa M-Pesa mkirudi, au nusu mwanzo. Uliza kama ada ya ufuo ya BMU, ile kamati inayosimamia mwalo, iko ndani ya bei. Na anayekupa bei ya chini kuliko wenzake wote amepunguza kitu mahali fulani. Tafuta ni nini kabla ya kufurahi.

Upepo ukichafuka, narudishiwa pesa?

Kwangu, ndiyo, au tunahamisha safari hadi kesho asubuhi. Kwa wengine uliza mapema. Safari iliyofutwa na nahodha isikugharimu. Uliyoifuta wewe kwa kuchelewa ni habari nyingine.

Miezi ya mvua je?

Masika ya Machi hadi Mei na vuli za Oktoba hadi Desemba hazifungi ziwa, kwa sababu asubuhi nyingi ni kavu. Shida ni alasiri. Mawingu yanajijenga juu ya milima ya Nandi na Kericho, yanakuja ziwani na radi. Ukihisi upepo wa baridi umekuja ghafla kutoka nchi kavu wakati kulikuwa na joto, dhoruba iko njiani, na boti ndogo kwenye maji tambarare ndiyo kitu kirefu kuliko vyote hapo. Tunarudi bila kuuliza kura.

Kuna kichocho?

Kipo ziwani, hasa maji ya ukingoni yenye majani ambako konokono wanaishi. Vimelea huingia kwa kupenya ngozi iliyokaa majini. Kurushiwa matone kwenye boti si sawa na kusimama majini ukisubiri kupanda. Panda kutoka kwenye gati, si kwa kuingia maji, na usiogelee kando ya mafunjo. Ukiloweka miguu, jikaushe kwa taulo haraka. Na usiyanywe maji hayo.

Nivae nini?

Nguo inayokauka haraka. Jaketi ya upepo, maana asubuhi kuna baridi ukiwa kwenye kasi. Kofia iwe na kamba, ziwa limeshakusanya kofia za kutosha. Viatu vya kamba, si vya kisigino. Wigi lifungwe vizuri. Nimeona moja likipaa mpaka kwa wavuvi, na walilirudisha kwa heshima zote. Mafuta ya jua pia, kwa sababu mwanga unakupiga kutoka juu na kutoka chini.

Je, safari hii inafika Ndere?

Hapana. Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, kiko mbali zaidi upande wa magharibi na ni safari ya nusu siku, ya kwenda taratibu na kushuka. Wengi huvukia upande wa Seme, pale Kaloka. Usimwambie nahodha wa nusu saa akufikishe huko kwa kumwongeza kidogo. Akikubali, muulize mafuta ya kurudia yako wapi.

Naweza kushika usukani?

Hapana. Hata kama una boti Mombasa.

Droni?

Kenya droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na uwanja wa ndege uko hapo hapo. Iache nyumbani.

Nile kabla au baada?

Baada. Kabla ya safari kunywa chai na mandazi mawili, si zaidi. Mkirudi kama saa tatu asubuhi, wavuvi wa usiku wanakuwa wameshatua, na ngege, yaani tilapia, anayekaangwa Dunga wakati huo alikuwa ziwani jua lilipokuwa linachomoza. Mwagize mzima, aje na ugali na mboga za kienyeji. Ukitaka minofu mikubwa omba mbuta, ndiye yule sangara wa kitabuni. Agiza kabla ya kupanda boti, utarudi ukute mafuta yanachemka.

Simu yangu ikidondoka majini?

Chini ni matope laini yasiyo na mwisho. Weka kwenye mfuko wa plastiki wenye kamba, kamba ipite shingoni. Aliyeniuliza swali hili mara ya mwisho alikuwa ameishika kwa vidole viwili akipiga video, nje ya ukingo wa boti, na kabla sijamaliza kumjibu alikuwa ameshapata jibu.